Medusa alizaliwa zimwi, au alifanywa zimwi?

"Nina binti wa miaka 17, yuko kidato cha tano, anasoma HKL. Likizo hii amerudi na daftari lililojaa picha za Medusa, yule mwanamke wa Kigiriki mwenye nywele za nyoka. Mimi nilipokuwa shule tulisoma kwamba Medusa ni zimwi, anayemtazama anageuka jiwe, na Perseus ni shujaa aliyemkata kichwa. Nilipomwambia hivyo akanijibu, 'Mama, walikudanganya. Alikuwa msichana mzuri, akanajisiwa ndani ya hekalu, na Athena, mungu wa kike mwenye hekalu hilo, akampa wale nyoka ili mwanamume yeyote asimguse tena.' Nimesoma mtandaoni nikazidi kupotea. Ipi ndiyo hadithi ya kweli? Na je, hawa vijana hawageuzi hadithi za kale ili zifuate mambo ya leo? Anaandaa igizo la shule juu yake, na anasema akifika chuo atajichora tatuu ya uso huo mkononi. Nimwache au nimkataze?"

Mzazi mwenzangu,

Umeuliza maswali matatu kwa mpigo, na nahisi la mwisho ndilo linalokukosesha usingizi. Nitalifikia, tena sitalipitia juujuu. Ila ni vigumu kuzungumza na binti yako kuhusu mkono wake kabla hujajua uso anaotaka kuuweka pale ni wa nani.

Nikutoe wasiwasi kwanza: hukudanganywa shuleni. Na binti yako naye hakubuni. Kila mmoja wenu ameshika kipande chake, akadhani ndicho hadithi nzima. Halafu ndani ya hicho kipande, yeye kuna mahali ameteleza, na wewe pia.

Shida inaanzia kwenye neno "ya kweli". Sisi tumelelewa na vitabu vitakatifu ambavyo nukta ikihama ni kosa. Tukisikia habari za miungu ya Wagiriki tunadhani kuna mahali pametunzwa kitabu kimoja chenye hadithi yenyewe, na wengine wote ama wanakinakili ama wanakiharibu. Hakikuwahi kuwapo. Makuhani walikuwapo, lakini kazi yao ilikuwa kafara na taratibu za hekalu, si kulinda maneno ya hadithi. Hadithi zilikuwa mikononi mwa washairi, wachoraji wa vyungu na bibi waliolea watoto, na kila mji ulikuwa na yake. Mshairi aliyepanda jukwaani hakusifiwa kwa kurudia kila kitu kama kilivyosemwa jana. Alisifiwa akiipinda hadithi mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Mtu wa pwani hapaswi kushangaa sana: nenda Lamu, nenda Pate, uulizie habari za Fumo Liyongo, kisha ukae usikilize wazee wanavyosahihishana.

Mfano mzuri ni Helen, yule anayelaumiwa kwa vita vya Troy. Mshairi Homer anamweka Troy, amekaa na Paris, mwana wa mfalme wa mji huo. Stesichorus, mshairi wa karne ya 6 K.K., akatunga shairi la kukana: Helen hakwenda Troy kabisa. Wagiriki walisimulia kwamba alipofushwa macho kwa kumsingizia mwanamke huyo hapo awali, akarudishiwa alipoyafuta maneno yake. Mwaka 412 K.K. Euripides akapandisha jukwaani mjini Athens Helen aliyekaa Misri muda wote wa vita, akimsubiri mumewe, huku wanaume wakiuana kwa ajili ya kivuli chake kilichokuwa Troy. Euripides huyohuyo, mwaka 431 K.K., alimwonyesha Medea akiwaua wanawe kwa mkono wake, ilhali kulikuwa na masimulizi kwamba waliowaua ni watu wa Corinth. Leo ukitaja jina la Medea, kila mtu anakumbuka toleo la Euripides. Siku ile kwenye mashindano alitoka wa tatu, na washindani walikuwa watatu.

Kwa hiyo kugeuza hadithi hakukuanza na kizazi cha simu. Ndivyo hadithi hizo zilivyoishi. Swali lenye faida zaidi ni hili: nani anasimulia, lini, na mbele ya nani?

Tumrudie Medusa. Anayemsimulia kwanza kwa maandishi ni Hesiod, mshairi wa Boeotia, yapata mwaka 700 K.K. Katika shairi lake la nasaba za miungu anawataja dada watatu, Stheno, Euryale na Medusa, watoto wa miungu ya baharini, wanaokaa ng'ambo ya bahari kuu, mpakani mwa usiku. Wawili hawafi wala hawazeeki. Medusa peke yake ni wa kufa. Hesiod anamweleza kwa maneno mawili tu ya Kigiriki, maana yake "aliyepatwa na mambo ya kusikitisha". Kisha anasema kwamba Poseidon, mungu wa bahari, alilala naye kwenye uwanda wa majani laini na maua, na kwamba Perseus alipomkata kichwa, walichomoka farasi Pegasus na Chrysaor mwenye upanga wa dhahabu. Basi. Hekalu hakuna, hasira ya Athena haipo, hata nywele za nyoka hazitajwi. Kama alitaka au hakutaka, Hesiod hasemi.

Hapo ndipo kipande chako kinapopata nguvu: katika masimulizi ya kale zaidi tuliyonayo, Medusa si msichana mrembo aliyegeuzwa. Amezaliwa katika ukoo wa viumbe vya ajabu. Lakini tazama ulipoteleza. Hesiod hasemi popote kwamba aliwahi kumdhuru mtu. Ubaya wake uliongezwa na wasimulizi wa baadaye, na vitabu vya shule vikaushikilia, kwa sababu shujaa akikata kichwa ni lazima kichwa kiwe na hatia.

Na ule uzuri anaoutaja binti yako si wa juzi. Mwaka 498 K.K. Pindar anataja kichwa chenye nywele za nyoka. Miaka minane baadaye, mshairi huyohuyo anamwita Medusa mwenye mashavu mazuri. Wachoraji nao walipita njia hiyo. Kwenye hekalu la Artemis kisiwani Corfu, la yapata mwaka 580 K.K., Medusa ni jitu la jiwe lenye meno, nyoka wamefungwa kiunoni kama mshipi, na wanawe wako kando yake. Ukifika katikati ya karne ya 5 unakuta chungu, siku hizi kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ambapo Perseus anamnyemelea Medusa akiwa amelala, na uso wake ni wa msichana wa kawaida, mzuri, asiye na habari. Mimi kila nikiitazama picha ile naona mchoraji tayari ana mashaka na shujaa wake.

Hadithi ya hekalu, ile aliyokuletea binti yako, ni ya Ovid, Mroma aliyeandika kwa Kilatini. Shairi lake kubwa la mageuzi ya viumbe lilikuwa karibu kukamilika mwaka 8 B.K., mwaka ambao mfalme Augustus alimfukuza Roma. Yaani kati ya Hesiod na Ovid kuna miaka mia saba. Humo ndimo tunamosoma kwamba Medusa alikuwa mrembo, akigombewa na wachumba wengi, na hakuna kilichopendeza mwilini mwake kama nywele. Mungu wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la Minerva, jina la Kiroma la Athena. Mungu huyo wa kike akageuka, akayaziba macho yake kwa ngao, na ili jambo lile lisipite bila adhabu, akazigeuza nywele za Medusa kuwa nyoka.

Nisubiri kidogo hapa, maana ndipo penye utamu. Kitenzi cha Ovid ni vitiare, yaani kuharibu, kutia doa. Nimekifundisha miaka mingi na sijapata tafsiri inayokikaa vizuri kuliko neno letu wenyewe, kunajisi, kwa sababu nalo limebeba mzigo uleule: kitendo ni cha mkosaji, lakini uchafu linamwachia aliyetendewa. Halafu soma tena "ili jambo lile lisipite bila adhabu". Jambo lipi? La nani? Kilatini chake kinasema "hili" tu, kikanyamaza. Neptune, ndiye Poseidon kwa Waroma, hakuguswa. Ovid hatii neno la kumtetea Medusa, wala la kumlaumu. Anaiweka adhabu mahali pasipostahili, anakuacha uitazame.

Na msimuliaji ni nani? Wengi wanapita hapa bila kuona. Ni Perseus. Yuko kwenye karamu ya harusi yake mwenyewe na Andromeda, watu wameshashiba, mgeni mmoja anamuuliza ilikuwaje kati ya wale dada mmoja tu ndiye awe na nyoka kichwani. Bwana harusi anajibu kwa mistari kumi hivi. Hata uzuri wa zile nywele anausema kwa kusikia, kwamba aliwahi kukutana na mtu aliyedai kuziona. Kesi ya ngedere umempelekea nyani. Habari za Medusa kama mwathirika, zile zinazowaliza vijana leo, zimetufikia kwa mdomo wa aliyemchinja.

Sasa mahali binti yako alipoteleza. Hiyo sehemu ya kwamba Athena alimpa nyoka kama ulinzi haimo kwa Ovid, haimo kwa Hesiod, wala haimo katika maandishi yoyote ya kale ninayoyajua. Ni usomaji wa wakati wetu. Naelewa kwa nini umependwa. Unatuondolea fedheha ya kuona mwanamke akimwadhibu mwanamke kwa kosa la mwanamume, unampa Medusa silaha badala ya laana. Lakini ukiweka huruma pale ambapo Ovid ameweka dhuluma, umeifuta dhuluma yenyewe. Mimi napendelea Athena abaki na kosa lake.

Tena kuna jambo linaloonyesha kwamba mungu huyu alijua kumwadhibu mwanamume alipotaka. Troy ilipotekwa, Ajax mdogo, askari wa Kigiriki, alimburuta Cassandra, binti wa mfalme wa Troy, kutoka kwenye sanamu ya Athena alipokuwa amekimbilia. Athena akakasirika, na Euripides, katika tamthilia yake ya mwaka 415 K.K. kuhusu wanawake wa Troy, anamwonyesha akipanga na Poseidon kuziangamiza merikebu za Wagiriki kwa sababu hiyo. Yaani heshima ileile ya hekalu, Athena yuleyule. Tofauti ni kwamba Ajax alikuwa binadamu na Poseidon ni mungu. Ugomvi ukiwa kati ya wakubwa, bili hulipwa na aliye chini. Callisto alibeba mimba ya Zeus, mfalme wa miungu, akageuzwa dubu, Io aliishia ng'ombe. Ovid aliyakusanya haya mfululizo, na sidhani kama aliyakusanya kwa bahati.

Kabla binti yako hajamfanya Perseus kuwa shetani wa igizo, mwambie aangalie safari yenyewe ilianza kwa nini. Perseus alitumwa na mfalme Polydectes wa kisiwa cha Seriphos, aliyekuwa akimtaka mama yake, Danaë. Pindar, katika shairi lilelile la mwaka 490 K.K. lenye mashavu mazuri ya Medusa, anataja utumwa wa mama huyo na kitanda cha lazima. Danaë mwenyewe alikuwa amefungiwa na baba yake asije akazaa, Zeus akamwingilia kwa mvua ya dhahabu. Na Andromeda, bibi harusi, alikutwa amefungwa mwambani aliwe na mnyama wa baharini, kisa mama yake alijisifu. Wahesabu: hadithi ya kijana mmoja, wanawake watatu waliobanwa. Wawili anawaokoa. Wa tatu anamkata kichwa, na kichwa hicho ndicho anachokitumia kumgeuza Polydectes jiwe na kumtoa mama yake kwenye ndoa ya nguvu. Mimi nikipewa jukwaa na nusu saa, hilo ndilo ningelicheza. Ni gumu kuliko zimwi na shujaa, na ni gumu kuliko mwathirika na mkatili.

Swali lako la pili, kama vijana wanageuza hadithi zifuate mambo ya leo: ndiyo, wanageuza, kama walivyofanya waliowatangulia. Mchongaji Cellini alimaliza sanamu yake ya shaba mjini Florence mwaka 1554, Perseus uchi, ameinua kichwa, amekanyaga mwili. Ilisimamishwa uwanjani ili wenye mji wajue nani anatawala. Mwaka 1975 mwandishi wa Ufaransa Hélène Cixous akaandika kwamba ukimtazama Medusa usoni utamkuta ni mzuri, na anacheka. Mwaka 2008 Luciano Garbati akachonga kinyume cha Cellini: Medusa amesimama, upanga mkono mmoja, kichwa cha Perseus mkono wa pili. Mwaka 2020 sanamu hiyo iliwekwa kwenye bustani ya New York mkabala na mahakama ya jinai. Wengi walishangilia. Wengine, wanawake miongoni mwao, wakauliza mbona kichwa ni cha Perseus, wakati aliyenajisi ni Poseidon. Nadhani waliouliza walikuwa na haki. Unaona basi kwamba usomaji mpya nao unaweza kupimwa. Si kila tafsiri ni sawa na nyingine. Ukisema Ovid amesema, tunakwenda kwa Ovid tukatazame.

Tatuu, sasa. Kuna kitu kitakachokushangaza: kati yenu wawili na vitabu vyote hivi, ile tatuu ndiyo iliyo karibu zaidi na matumizi ya kale kabisa. Uso wa Gorgon, jina la ukoo la Medusa na dada zake, ulikuwa kinga. Homer anauweka kwenye ngao ya Agamemnon na kwenye vazi la vita la Athena. Wagiriki waliuchora kwenye mapaa ya mahekalu na ndani ya vikombe vya mvinyo, ili jicho baya likitazama likutane na jicho baya kuliko lenyewe. Jina lenyewe Medusa linatokana na kitenzi cha kulinda na kutawala. Bibi zetu wangemwelewa upesi, wao na hirizi zao. Kama dini yenu au taratibu za nyumba yenu hazikubali kuchora mwili, hiyo ni sababu yako halali, mweleze hivyohivyo. Usisingizie kwamba uso ule ni wa kishetani.

Ila kuna maana nyingine unayopaswa kuijua kabla hujasema lolote. Miaka ya karibuni, sehemu nyingi duniani, tatuu ya Medusa imekuwa alama ya watu walionusurika ukatili wa kingono. Si kila anayeitaka ana jeraha. Wengi wameipenda tu, na msichana wa HKL mwenye igizo la kuandaa ana kila sababu ya kuipenda. Siwezi kujua kutoka hapa, na wewe usikimbilie kudhani. Tafuta saa mnayokuwa wawili tu, jikoni au njiani, umuulize Medusa kamgusa wapi, halafu unyamaze. Akikwambia ni hadithi tu, mwamini. Akikwambia kuna jambo lilimpata, mwamini pia, usimuulize alikuwa amevaa nini wala kwa nini hakusema mapema. Hapo kazi yangu mimi wa vitabu imekwisha, unahitaji watu wa kuonana nao ana kwa ana: hospitali, na kama ni jambo la siku hizi, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake, kituo cha mkono kwa mkono kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, kama kipo karibu, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bila malipo, na hata wewe mzazi unaweza kupiga kuuliza uanzie wapi.

Kwa upande wa masomo, kama anataka kumsoma Ovid kwa Kilatini chenyewe, msiende mbali. Ulizeni parokiani kama kuna padri mzee aliyesoma seminari enzi za Kilatini kikali. Ile mistari kumi ya mwishoni mwa kitabu cha nne ni kazi ya jioni moja, na wazee wale hufurahi sana wakiombwa.

Na kuhusu igizo, nina ombi moja la ubinafsi. Lile shairi la Pindar la mwaka 490 K.K. lilitungwa kumsifu mpiga ala aliyeshinda mashindano. Humo anasema kwamba Medusa alipouawa, dada zake walilia kilio ambacho Athena alikisikia, akatunga muziki wa kukiiga. Katika matoleo yote ya kisasa niliyoyaona, Stheno na Euryale hawana nafasi. Watu hawakumbuki hata kwamba marehemu alikuwa na ndugu wa kumlilia. Ala aliyoibuni Athena kwa kilio hicho ni ya tete, jamaa wa karibu wa zumari. Kama shuleni kwao au mtaani kwenu yupo mtu anayejua kupuliza zumari, wamtafute mapema kabla hajachukuliwa na watu wa harusi.